Makala Yako Niliyoifundisha Miaka Sita

Chumba cha Walimu, Mlango Na. 7
12 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Juzi Jumanne, saa nne na robo asubuhi, nilinyang'anywa darasa langu la uandishi. Nalitanguliza hilo usije ukadhani salamu zinazofuata ni za raha. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi huku wazima, mama analalamikia magoti tu.

Unajua ninavyofundisha kufupisha makala. Soma mara mbili, funika karatasi, andika maneno themanini kwa lugha yako mwenyewe, kisha taja chanzo: nani kaandika, wapi, mwaka gani, ukurasa wa ngapi. Kwa miaka sita makala niliyowapa ni yako, ile ya visima. Wanafunzi 241. Na kila mwaka nilianza kwa kujigamba kwamba mwandishi huyo nimembeba mgongoni.

Mwaka huu nikaongeza zoezi: kila mmoja aende maktaba akatafute nani mwingine kaandika habari hiyo. Kuna binti wanamwita Rula, hakubali kitu mpaka akipime. Akarudi na jarida la zamani lenye makala ya visima ya bwana mmoja, lililokutangulia kwa miaka kumi na moja. Akanyoosha mkono, akasema taratibu, "Samahani, mwalimu. Huyu ndugu yetu mbona hakutaja chanzo?"

Nikaziweka mbili sambamba mezani. Katika aya zako kumi na mbili, tisa ni za yule bwana, neno kwa neno. Nikajikaza, nikawaambia labda wote wawili walichota mahali pamoja. Kisha nikajumlisha lile jedwali la asilimia. Lako linaleta 104 badala ya 100. Lake 104. Hata kosa la mtu hukumwachia.

Mchekeshaji wa kiti cha nyuma akauliza, "Sasa sisi tulikuwa tunamfupisha nani?" Darasa zima likaangua kicheko, na kicheko ndicho kilichomleta mkuu wa chuo.

Mkuu akaisoma makala yako mpaka mwisho, pale uliponishukuru kwa kukupigia chapa. Akanitazama. "Mwalimu, ulijua au hukujua?" Nilimweleza kwamba uliniletea mwandiko wako mwenyewe, basi. Akasema hayo angependa kuyasikia kwako, na mpaka hapo nisilikanyage darasa.

Mimi nimepiga chapa kazi za watu miaka tisa kabla sijapata cheti. Kurasa kama elfu mbili kwa mwaka, na hakuna hata moja niliyoibandika jina langu. Wewe nilikusomesha kwa vidole hivyohivyo. Usinieleze habari za ujana wala haraka. Nimeona kinyaa, nikiishika karatasi ile nakwenda kunawa mikono.

Mama hajui. Makala yako bado ameitundika sebuleni, na kila mgeni husomewa. Anakusalimu sana. Wasalimie wifi na wanangu wote wawili, na Mungu awajalie afya, wewe akunyooshee ulimi.

Barua hii anakuletea shemeji yako Jumamosi. Mkuu atakuwa kando ya simu ya ofisini Ijumaa, tarehe 20, saa sita mchana. Atakuuliza jambo moja, nawe umjibu bila kuzunguka: dada yako aliliona jarida lile, au hakuliona? Ikifika saa sita na dakika moja hujapiga, darasa anapewa mtu mwingine.

Dada yako, akupendaye hata hivyo.