Baba Mkwe Amezidi Kunishukuru

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hata chakula hakipiti. Nina mchumba, Tamsin, tumepanga kuoana Machi, na kila Jumapili tunakwenda kwa baba yake, mzee Clarrie, kule Gunnedah, anachoma soseji uani, na watu wote anaowapenda anawatukana, rafiki yake wa miaka arobaini anamwita kenge, mume wa dada yake Tamsin anamwambia, “Umekuja kumaliza bia yangu tena, we goigoi?” na wote wanacheka, hata mimi nilikuwa naitwa boga na moyo wangu ukajaa furaha, mpaka Jumapili moja mzee akaingia ndani kutafuta chumvi, nikaona soseji zinaungua, nikachukua koleo lake nikazigeuza, basi, nilizigeuza tu! Akarudi akanikuta nalo mkononi, akasema, “Asante sana, Desmond. Umefanya la maana.” Tangu siku hiyo ni karibu kiti, Desmond, habari za kazi, Desmond, na juzi kaniuliza kama barabara ilikuwa nzuri. Mimi nimezaliwa hapa hapa, najua adabu ya namna hiyo tunawawekea watu tusiowataka. Tamsin naye anasema bila baraka ya baba hakuna ndoa. Nifanyeje?

Desmond, Tamworth

Pole, Desmond. Lakini na wewe, nani alikutuma? Koleo la mwenye jiko haliguswi, na wewe umeligusa mbele ya wageni, ukamwonyesha binti yake kwamba baba hajui kuchoma. Zingeungua, mngezila, mngemcheka, yangeisha. Sasa mzee amekununia kwa heshima zote, na usipojihadhari utaanza kuandaliwa vikombe vya wageni.

Usimwombe radhi, utamwaibisha. Zawadi usipeleke. Jumapili fika mapema, simama karibu na jiko, mikono mfukoni, mwache aunguze. Akikupa ile nyeusi kuliko zote, tafuna, umeze, kisha useme kwa sauti wote wasikie: “Mzee, huyu ng'ombe alikufa kwenye moto wa msitu?” Wala usicheke.

Akisema asante, bado, rudi wiki ijayo ujaribu tena. Akikutukana wewe na ukoo wako mzima, nenda mkachapishe kadi za harusi.