Mama, Sindano na Mapazia

Shoga, nimechoka. Nimechoka mpaka basi!

Asubuhi nimempeleka mama kuchomwa sindano ya goti, lile lililosagika. Daktari akamwambia na kurudia: "Mama, ganzi itakudanganya kwamba umepona, lakini jioni itaisha. Nenda ukapumzike." Mama akaitikia, mpole kama si yeye.

Narudi kazini, namkuta juu ya stuli. Juu ya STULI, shoga! Ameshafua mapazia ya nyumba nzima, anayatundika huku anaimba.

Saa hizi goti limefura, mimi ndiye namkanda kwa barafu.

Nikamfokea: "Mama, kwani daktari hukumsikia?"

"Nilimsikia vizuri," akanijibu. "Si alisema jioni itaisha? Ndiyo maana nikafanya haraka."