Kiingereza cha Maumivu Tu

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwetu.
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo, mkubwa wangu. Wifi hajambo? Watoto wazima? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye usukani, au umeacha ubishi ukanunua ule mto niliokwambia? Sisi huku tu wazima. Mama ndiye mzima kuliko sote, na ndiye aliyenishikisha kalamu badala ya simu. Anasema jambo hili ni kubwa, liandikwe.

Najua unachosubiri. Umemwalika Mama akakae nanyi huko ughaibuni, na kila ukimwalika anakupa sababu mpya. Mara magoti, mara baridi, mara wateja watamlilia. Nami nilikuwa namuunga mkono kwa hayo magoti, kumbe hayana neno! Ngazi za sokoni anazipanda mbio, mimi nabaki nyuma nahema.

Sababu yenyewe aliniambia siku moja tukipiga pasi. Unakumbuka mlipokuja likizo, Chiriku wako akalia mchana kutwa nyinyi mkiwa mmetoka? Mama alimpa uji, akaukataa. Akambeba mgongoni, akazidi kulia. Mtoto anasema neno lake la Kiingereza, Mama anasema lake la Kiswahili, hakuna anayemwelewa mwenzake. Wifi aliporudi, mtoto akasema neno moja tu, naye akaelewa: jino. Nyinyi mlisahau siku ile ile. Mama hakusahau. Aliniambia, "Mjukuu wangu analia mapajani mwangu, nami namtazama kama mgeni. Niende huko nikawe sanamu sebuleni?" Kaka, niliumia. Nikaiacha pasi juu ya kola ya mteja mpaka ikaungua.

Lakini mama yako unamjua. Hakukata tamaa, alikata shauri. Alivuka barabara hadi duka la dawa, kwa mfamasia, dada mmoja mwenye kicheko kikubwa, akamwambia, "Nifundishe Kiingereza cha maumivu tu. Cha salamu watanifundisha wajukuu wenyewe."

Mfamasia akamletea maboksi matupu ya dawa. Sasa Mama, vile anavyopanga vifungo vyake, vya matundu mawili mkebe huu, vya manne mkebe ule, akaona mara moja kwamba maneno yale yana mkia mmoja: a, c, h, e. "Headache," kichwa kinauma. "Toothache," jino. "Stomachache," tumbo. "Backache," mgongo. Na hiyo "ache" peke yake ni maumivu yale yanayokaa, si ya kuchomwa sindano yakaisha. Alifurahi huyo! "Kumbe ni ukoo mmoja! Ukishamjua baba yao, watoto hawakupi shida."

Shemeji yako naye, unamjua mume wangu kwa kujitia mwalimu, akadakia kwamba hata "moustache" ina mkia huo huo. Mama akamuuliza inauma wapi. Akajishika masharubu. Mama akamkagua, akasema, "Hayo yanamuuma mkeo, si wewe." Tulicheka mpaka mfamasia akaja mbio kuuliza kuna nini.

Wateja nao walikoma. Ukija kupimwa, Mama anakupitisha tepu mgongoni na swali juu: "Backache?" Bibi harusi mmoja akadhani ni jina la mshono. Akaitikia, "Ndiyo, hiyo hiyo, na lesi uweke!" Amewaambia na shoga zake, jamani. Sasa tuna oda za magauni ya "backache," mgongo wazi, na hakuna anayethubutu kuwasahihisha.

Sasa sikia ya Jumamosi, maana wewe ulikuwa kazini. Wifi alikuwa nje anaanika nguo. Simu ikalia hapa mezani, Mama akapokea akidhani ni wifi. Kumbe ni Chiriku, kachukua simu ya mama yake, analia kwa kwikwi. Nikanyoosha mkono nisaidie. Mama akanipiga kofi kiganjani. "Niachie!"

"Headache?" No. "Toothache?" No. "Stomachache?" No, na kilio kinapanda. "Backache?" No. Jasho likamtoka. Nikasema moyoni, akishindwa leo, safari imekufa, hakuna atakayemwambia kitu tena. Mama akafumba macho, akitafuta boksi lililobaki. Kisha kwa sauti ndogo akauliza, "Earache?"

Halafu tukasikia, "Yes, Bibi. Earache."

Weee! Mama aliruka mpaka kiti kikaenda chini. "Ni sikio! Ni sikio! Mjukuu wangu anaumwa sikio!" Mpita njia angedhani tumetwaa kombe. Kisha akajikumbuka, akaona haya kushangilia maumivu ya mtoto. Akamwambia, "Go mama. Say earache. Go." Tukasikia mlango, tukasikia sauti ya wifi. Ya daktari na dawa ya matone unayajua. Usilolijua ni kwamba Chiriku alirudi kwenye simu, akawa anapumua tu. Mama naye akawa anapumua tu. Hakuna aliyekata.

Jioni ile Mama alijipima. Mwanamke aliyeushonea mtaa mzima, sijapata kumwona akijipima yeye! Akanipa tepu nimshikie begani. Nikauliza gauni la nini. Akasema, "Pima, maneno mengi ya nini."

Msalimie wifi, mwambie alivyomkimbiza mtoto hospitali siku ile nampa heko. Mbusu Chiriku shavu la upande wa sikio zima, na kaka yake asione wivu, naye mbusu. Shemeji yako anakusalimu sana. Mfamasia pia, ingawa hamjuani. Mungu awalinde mtokapo na mrudipo, na nyumba yenu isikose kicheko.

Akupendaye hata unapomchokoza,
Dada yako mdogo

Ngoja, Mama amenipokonya kalamu:

Mwanangu, nakuja. Tafuta tiketi. Nikishafika msiombe ruhusa kazini, wala msimpeleke mtoto kwa jirani. Mtoto ana bibi.