Baba, Uliwasemea Watu wa Filamu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila salamu sikunyimi. Wiki ya tatu hii tangu tukuzike, na moyo bado unafukuta. Acha niseme.

Unaikumbuka ile filamu bubu ya mtoto wa kambo? Ulikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video pale mtaani kwetu Ng'ambo, na watu walikuja kukusikia wewe kuliko kuangalia picha. Mkanda ule haukuwa na sauti hata chembe. Mama wa kambo anamsukuma binti nje, baba mtu yuko kwenye kiti na gazeti lake. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa miguuni pako. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Mama Neema alishaingia nyumbani na mwanawe.

"Baba gani wewe!" ukafoka kwenye kipaza sauti. "Damu yako inafukuzwa, unasoma gazeti?"

"Mwambie huyo!" wakapiga kelele watu.

Mwishoni yule baba alifungua tu mdomo. Maneno ukamtungia wewe: "Mwanangu haendi popote. Asiyemtaka aondoke yeye." Kina mama wakajifuta machozi kwa khanga. Na mimi, mjinga mie, nikajua unaniambia mimi.

Haikupita wiki, Neema akavunja chupa ya chai, nikasingiziwa mimi. Mama Neema akasimama mlangoni: "Chagua, Baba Neema. Mimi au huyu." Nikakutazama. Lile neno lako la kwenye filamu nilikuwa nalijua kwa moyo, nikawa nalingoja. Ulijikuna shingo, ukaenda kunifungia nguo zangu. Kesho yake tukapanda treni hadi Igalula kwa bibi. "Nitakufuata Krismasi," ukasema. Loo! Krismasi ngapi hizo, baba? Bibi mwenyewe alichoka kunidanganya.

Hata hivyo nilikutetea. Nilisema baba yangu mpole, katawaliwa tu na mke. Ulipougua nikaja kukuogesha na kukulisha uji, nawe ukawa unanishika mkono. Mungu ni shahidi, nilikuwa nimekusamehe.

Kumbe! Siku ya mazishi, pale uani, ukasomwa wasifu wako: "Ameacha mjane na watoto watatu." Neema, uliyemkuta anatembea, na wadogo zake wawili. Nikajua hiyo ni kazi ya mama yao. Nikamfuata jirani aliyeusoma, nikamwomba karatasi. Mwandiko ulikuwa wako.

"Alinikabidhi mwenyewe," akasema, macho chini. "Jumapili ile. Wewe ulikuwa umekwenda kumchotea maji ya kuoga."

Ningejua, maji yale ningeyachota? Ningeyachota, baba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Bibi alinilea hivyo. Lakini wewe ulipata wapi uso wa kunishika mkono jioni yake?

Makaburini wakaita watoto wa marehemu waje kuweka maua. Wakatoka watatu. Nami nikatoka, sikuitwa. Mama Neema akanishika kiwiko, akanong'ona, "Unakuja kama nani?"

Sikunong'ona mimi. Mchungaji alisikia, na wachimba kaburi walioshika makoleo wakasikia.

"Mtoto wake wa kwanza."

Nikapiga magoti, nikachomeka ua langu kichwani pako, nikarudi nyuma taratibu mbele za watu.

Pumzika, baba. Kukusamehe bado.

Mwanao wa kwanza