Baiskeli Niliyoinunua kwa Ajili ya Mlimani

Baba Neema,

Najua kitu cha kwanza ungeuliza ni watu wako wa mlimani. Wapo. Kanisa lao la tope halijafungwa, ingawa ilibaki kidogo tu.

Msiba wako ulipokwisha, mchungaji alikuja nyumbani. Alisema kwa upole kwamba hakuna mwinjilisti mwingine wa kupanda kule. Gari haliendi, na bodaboda wanaishia korongoni. Akaona waumini waunganishwe na wenzao wa bondeni. Nikamfikiria Bibi Yudithi na miguu yake ile, ateremke mlima wote huo kila Jumapili? Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitakwenda mimi." Mchungaji akaniangalia juu mpaka chini, akasema tujaribu Jumapili moja, tuone.

Baiskeli yako ilinishinda. Ni nzito, ndefu, na gia haina. Nikaenda mjini kwa Neema, Area D, tukafika naye Makole kwa muuza baiskeli za mtumba. Mwanao alipenda moja nyekundu yenye springi mbele na nyuma, inang'aa. Nikaikalia, ikabonyea kama godoro. Nikachukua ya kijivu. Sura haina, lakini ni ya urefu wangu, tairi zake pana zina meno, na breki zinashika kwa vidole viwili. Nilizungusha magurudumu nikaangalia kama yanayumba, kama ulivyokuwa ukifanya. Neema akauliza, "Mama, na gauni?" Nikamwambia suruali ndani, gauni juu. Akina mama wa kwaya walinicheka sana: "Mama Neema, unakwenda kuhubiri au kushindana?" Nikawajibu, "Vyote viwili."

Sasa nikuambie jambo, usikasirike. Upepo wa tairi ulikuwa unaukosea. Miaka yote umejaza tairi mpaka likawa gumu kama mwamba, eti ndipo litadumu. Nami nikajaza hivyo hivyo. Siku ya kujifunza kila kokoto lilinirusha, na mchangani nikazama nikaanguka, kiwiko kikachubuka. Nikapunguza upepo, kidole gumba kikawa kinabonyeza kidogo. Tairi likatulia, likashika njia. Maskini mume wangu, na mgongo ule tuliokuwa tunausugua dawa kila Jumapili jioni.

Siku yenyewe ikafika. Mchanga wa korongo niliupita kwa gia nyepesi, napiga pedali bila kusimama. Kupanda nilisukuma sehemu moja tu. Halafu nikafika juu, pale njia inapoteremka kwenye mawe kuelekea kanisani, pale ulipozoea kusema, "Hapa hata askofu anashuka baiskeli." Nilisimama. Nikashusha kiti, nikaomba. Kisha nikajirudisha nyuma, nikalegeza magoti, macho nikayaelekeza penye nafasi, jiwe nisilitazame kabisa. Nikapita, Baba Neema. Askofu ashuke, mimi nilipita.

Kanisani waumini walikuwa wameshakata tamaa, wengine wamesimama kuondoka. Bibi Yudithi alikuwa amekaa mlangoni katikati na fimbo yake, hapiti mtu. Salamu za Kigogo, "mbukwenyi, mbukwenyi," zikawa nyingi, kila mmoja ananishika mkono. Niliposimama kusoma somo, mikono ilikuwa bado inatetemeka kwa kushika breki, hata Biblia ikawa inacheza. Wakadhani nalia. Wakaanza kulia wao, wanakulilia wewe. Basi nami nikalia kweli. Nikasoma hivyo hivyo, neno moja moja, mpaka somo likaisha.

Mchungaji amesikia yote. Amesema niendelee.

Pumzika sasa, mume wangu, mikononi mwake Yeye tuliyemtumikia wote wawili. Watu wako ninao. Nitawaendea mpaka magoti yakatae, na kabla hayajakataa nitakuwa nimemfundisha mwanamke mwingine ile njia.

Mimi mkeo,
Mama Neema