Ami, Nimekusafisha Mbele Yao

Ami yangu,

Leo nimekwenda tena nyumbani kwako Qantab. Mkeo, Bi Zuwena, kanipokea kwa kahawa kama vile sikuwahi kukuvunjia heshima.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kaniachia kiwanda cha halwa cha Mabela, na wewe, mdogo wake, kakufanya wasii wangu mpaka nikue. Ukinisimamisha kwenye sufuria ya shaba, mkono wako juu ya wangu, tukivuta mwiko pamoja. "Usiiache, mwanangu, itashika chini."

Kisha shangazi akaanza kunijia. "Ami yako kakikalia kiti cha baba yako, hakuachii huyo." Mwanawe, Nassor, akaongeza kwamba wateja unawaambia kiwanda ni chako. Sikukuuliza. Miaka yote ile, Ami, hata mara moja sikukuuliza!

Siku niliyotimiza ishirini na moja nilikusimamisha mbele ya jamaa na wafanyakazi, nikakwambia utoke. Ukavua aproni, ukaikunja taratibu. "Umekua, mwanangu. Mungu akusimamie." Basi. Hukujitetea, nami nikadhani hiyo ndiyo hatia yenyewe.

Haukupita mwaka, Nassor akaniletea karatasi nitie saini: kiwanda kifungwe, jengo lipangishwe. Wafanyakazi ndio walionambia: kumbe alikuwa akizileta kwako tangu zamani, nawe ukizirudisha. Nilikuja kwako mbio, nikalia miguuni pako. Ukanisamehe kabla sijamaliza kusema.

Lakini nilikuaibisha hadharani, nikakutaka radhi chumbani. Nikakuahidi nitawakusanya wote baada ya Idi. Idi hukuifikia.

Ijumaa iliyopita nimewakusanya, wale wale. Nimesema: "Ami yangu hakutaka cha mtu. Nilimdhulumu mimi, kwa kusikiliza maneno bila ya kumuuliza mwenyewe." Shangazi aliinama asinitazame. Mzee Hamed, mliyekoroga naye miaka yote, alilia kwa sauti. Walisikia wote, Ami. Wote isipokuwa wewe, na hapo ndipo nnapoumia.

Lala salama. Bi Zuwena hatokuwa peke yake nikiwa hai. Na atakayenijia tena na neno la mtu, nitamwambia akae, nimwite huyo anayesemwa aje, neno lisemwe mbele yake.

Mwanao,
Rahma