Waya Mnene Nimeondoka Nao

Mwanangu,

Chakula kimefunikwa. Kuku wape maji. Wajukuu wangu ninao. Lori usihangaike kuliwasha, haliwaki.

Jana ulimfokea mkeo mbele ya madereva wenzako, eti anachaji simu kwenye lori mpaka betri zote mbili zinakufa. "Kupe wa umeme!" ukamwita, nao wakacheka. Leo asubuhi kabeba nguo zake kaenda kwao, macho yamevimba. Nami nikashika tochi.

Betri zote mbili nzima. Nilichukua waya wa kuamshia magari, nikaunganisha ncha hasi ya betri na injini moja kwa moja, lori likanguruma papo hapo. Basi nikafungua ule waya mnene wa hasi pale unapokazwa kwenye chesisi, fremu ya lori. Chini yake nini? Rangi! Rangi yako ya bluu uliyopaka wiki iliyopita, ukakaza waya juu yake bila kukwangua chuma. Umeme ungepita wapi, baba?

Chuma nimekikwangua kinang'aa. ~~Waya nimeuweka kabatini.~~ Nimeghairi. Nampelekea mkeo aufungie sandukuni. Ukiutaka, nenda kwa miguu, na hao waliocheka uongozane nao, wakusikie ukimwomba radhi kwa sauti ile ile ya jana. Ukithubutu kununua mwingine, mimi nahamia huko huko.

Na akikataa kukupa, mimi simo.

Mama yako, ila leo ni mama mkwe kwanza